Pikipiki ya zamani isiyowaka: kuufuata umeme kutoka betri hadi ncha ya plagi

Kosa linalokula pesa nyingi kwenye pikipiki za zamani ni kununua koili kabla ya kupima. Koili hulaumiwa kwanza kwa sababu cheche hutoka kwake, lakini mara nyingi yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni umeme wa kutosha kuifikia, au pointi safi (swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa injini inapozunguka) za kuukata umeme huo kwa wakati wake. Kwa hiyo kazi ni kuufuata umeme kituo kwa kituo, na kukipima kila kituo kikiwa kazini. Waya uliooza ndani huonyesha volti 12 kamili usipobeba mzigo, kisha hushindwa pale tu ampea 3 zinapotakiwa kupita.

Maelezo haya yanahusu kwanza mfumo wa betri, koili na pointi, kama ule wa Honda CB350 na CB750, Yamaha XS650, na Triumph za 650 tangu 1963. Magneto, inayojizalishia umeme wake bila betri, ina tabia zake, nayo inafuata mwishoni.

Kumbuka jambo moja kabla ya kushika spana. Pointi zikifunga, umeme hupita kwenye msokoto wa kwanza wa koili na kujenga usumaku. Pointi zikifunguka, usumaku unaanguka ghafla na msokoto wa pili hutoa maelfu ya volti. Cheche huruka pointi zinapofunguka, si zinapofunga. Ukilishika hilo, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa na maana.

Andaa multimita ya kidijitali, balbu ndogo ya wati 3 hadi 5 yenye nyaya mbili na klipu (ya volti za betri yako, 6 au 12), fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), tupa laini bapa, spiriti, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, na plagi moja mpya ya namba sahihi.

Kwanza, hakikisha tatizo ni cheche

Piga kiki mara tano au sita, kisha fungua plagi mara moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo mshukiwa. Ikiwa kavu kabisa, rudi kwenye tangi, koki na kabureta kwanza. Ikiwa nyeusi tii na yenye masizi makavu, inaweza kuwa mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu, na hapo usiamue bado.

Kuna udanganyifu mmoja uliowafanya wengi wabadilishe koili nzima bila sababu. Injini inatembea dakika 15 au 20, inazima, inapumzika, kisha inawaka tena. Koili iliyochoka hufanya hivyo. Kondensa (kapasita ndogo iliyounganishwa na pointi) mbovu pia. Lakini hata kifuniko cha tangi chenye tundu la hewa lililoziba hufanya vilevile, kwa sababu tangi linanyonya na petroli inaacha kushuka. Ikizima, fungua kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na injini ikawaka baada ya dakika moja, achana na umeme.

Jaribio la cheche na mipaka yake

Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, na ulaze mwili wake wa chuma ugusane vizuri na silinda hedi, mbali na tundu la plagi. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu hilo unaweza kushika moto, kwa hiyo liweke kitambaa. Usiishike plagi kwa mkono mtupu. Ibane kwa koleo lenye mpini wa plastiki nene. Washa swichi, piga kiki.

Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na inasikika ikipiga «ta, ta». Ya njano au nyekundu, nyembamba, isiyosikika, ni dhaifu. Ila cheche inayoonekana nje si ushahidi kamili. Nje ya injini plagi inafanya kazi kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa mara kadhaa zaidi, na volti zinazohitajika kuruka nafasi ileile hupanda pamoja na mgandamizo huo. Ndiyo maana pikipiki inaweza kuonyesha cheche mezani na kukataa kuwaka. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuifanya cheche iruke nafasi ya milimita 6 kwenye hewa. Koili yenye afya huiruka bila kusita. Tumia kifaa cha kupimia chenye nafasi ya kurekebisha, au plagi ya zamani iliyokatwa mguu wake wa pembeni.

Usipige kiki kamwe huku waya wa plagi ukining'inia bila pa kuruka. Volti hizo zitatafuta njia, na njia nyepesi huwa ni kupitia kizio cha ndani cha koili. Koili ikishatobolewa hivyo hairudi.

Kwenye Honda CB750 koili moja hulisha plagi mbili: silinda ya 1 na 4, kisha 2 na 3. Msokoto wa pili hupita plagi zote mbili kama mduara mmoja, kwa hiyo ukipima moja hakikisha na mwenzake amegusa chuma. Mpangilio huu unarahisisha uchunguzi. Zikifa 1 na 4 pamoja, angalia pointi, kondensa na koili ya jozi hiyo. Ikipiga misi silinda ya 1 peke yake, anza na plagi, kofia na waya wake kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo kimoja kinachoeleza mengi

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye waya unaoingia kwenye pointi, nyeusi kwenye chuma tupu cha injini. Pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hizo zina chanya ya betri kwenye fremu, hivyo mita itaonyesha alama ya kutoa. Puuza alama, soma namba. Washa swichi na uzungushe injini polepole kwa mkono.

Pointi zikiwa wazi, unatakiwa kuona volti za betri. Zikifunga, ziwe karibu na sifuri, chini ya 0.2.

Sifuri wakati wote maana yake umeme haufiki, au unatorokea kwenye chuma. Chomoa waya wa kondensa. Volti zikirudi, kondensa imeshika arthi ndani yake, yaani umeme unapita humo hadi kwenye chuma. Zisiporudi, chomoa na waya wa pointi na upime upande wa koili. Zikirudi hapo, kizio cha pointi, ile washa ndogo ya plastiki au faiba kwenye bolti, imepangwa vibaya au imepasuka. Hili hutokea sana baada ya mtu kubadilisha pointi na kurudisha washa kwa mpangilio usio sahihi. Bado sifuri? Pima kwenye mdomo wa koili unaotoka swichi. Ukipata volti huko na hupati upande wa pili, msokoto wa kwanza umekatika.

Volti 12 zisizoshuka hata pointi zikifunga ni kinyume chake: pointi hazigusani kwa umeme ingawa macho yanaona zimegusana. Uchafu, mafuta, au ule utando mwembamba wa kinga ambao pointi mpya hupakwa kiwandani. Pikipiki nyingi «zilizogoma baada ya sevisi» zilisimamishwa na utando huo tu.

Ukimaliza, zima swichi. Pointi zikiwa zimefunga na swichi imewashwa, koili ya ohmu 4 inakula takriban wati 36 bila kupumzika, na inachemka.

Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo pikipiki za zamani huumwa zaidi, na ndipo watu hutumia muda mfupi zaidi. Chukua koili ya ohmu 4 kwenye volti 12: mkondo ni ampea 3. Ongeza ohmu 1 ya kutu kwenye swichi au kiunganishi, na mkondo unashuka hadi 2.4. Nishati ya koili hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo umepoteza 36%. Kwenye pikipiki ya volti 6 yenye koili ya ohmu 2, ohmu ileile 1 inaondoa zaidi ya nusu. Injini yenye cheche ya namna hiyo huwaka siku moja na kugoma siku nyingine, na hakuna kipuri kimoja kilichokufa.

Kuzipata: funga pointi kwa kuzungusha injini, washa swichi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri inayolisha mfumo na nyingine kwenye mdomo wa koili unaopokea umeme. Mita inaonyesha kilichopotea katikati. Chini ya volti 0.3 ni safi. Zaidi ya 0.5 inahitaji kazi. Volti 1 au zaidi ni ugonjwa wako. Sasa sogeza ncha moja kituo kwa kituo: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia kwenye usukani, kila kiunganishi. Mahali namba inaporuka ndipo penye kutu. Swichi ya kuzimia ndiyo ya kushuku kwanza, maana hukaa nje kwenye mvua na vumbi miaka yote.

Rudia upande wa arthi: ncha moja kwenye bamba la pointi, nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye fremu. Fremu iliyopakwa rangi upya na injini iliyofungwa juu ya rangi hiyo ni arthi mbovu. Kwangua rangi chini ya bolti, au ongeza waya mmoja kutoka injini hadi betri.

Jaribio la haraka ukiwa barabarani: peleka waya wenye klipu moja kwa moja kutoka betri hadi mdomo wa koili. Injini ikipata nguvu, tatizo liko kwenye swichi au nyaya. Kumbuka tu kwamba ukiwa umefanya hivyo ufunguo hauzimi injini. Ondoa klipu ili izime.

Betri yenyewe, ikiwa imejaa na kupumzika, iwe takriban volti 12.6, au 6.3 kwa ya volti 6. Ikiwa stata inaishusha chini ya 10, jaribu kuwasha kwa kiki. Pikipiki inayowaka kwa kiki na kukataa kwa stata inakueleza kuwa betri imechoka.

Pointi, kwa karibu

Zifungue uzitazame kwenye mwanga mzuri. Nyuso mbili zenye rangi ya kijivu, laini, zilizogusana katikati, ni nzima. Zikiwa nyeusi na zenye mafuta, kuna sili inayovuja nyuma yake. Kuzisafisha bila kubadilisha sili kutadumu wiki mbili tu. Zikiwa za buluu na zimeungua, kondensa haifanyi kazi yake. Kishimo upande mmoja na kijilima upande wa pili ni uhamaji wa chuma kutokana na kondensa isiyolingana, au umri tu.

Kijilima hicho huharibu kipimo. Fila geji hukaa juu ya kilele chake na kukuambia 0.35 mm, wakati nafasi halisi pembeni ni kubwa zaidi. Sawazisha kwa tupa laini hadi nyuso zikae sambamba, kisha vuta kipande cha karatasi ngumu safi chenye spiriti katikati yake mara kadhaa, na umalize na kipande kikavu. Usitumie msasa, chembe zake hubaki zimejichoma kwenye chuma. Zikiwa na shimo refu, weka mpya.

Zungusha injini hadi kamu (nundu inayozungushwa na injini) izifungue kwa upana wa mwisho, ndipo upime. Honda nyingi zinataka 0.3 hadi 0.4 mm, pointi za koili za Lucas (watengenezaji wa umeme wa pikipiki za Uingereza) 0.35 hadi 0.40. Geji iteleze kwa msuguano kidogo bila kusukuma pointi. Paka kamu grisi kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Bila grisi, kisigino cha pointi kinalika, nafasi inapungua, na taimingi (wakati wa cheche kuruka) inachelewa polepole bila mtu kuona.

Kondensa

Kazi yake ni kumeza mshituko wa umeme pointi zinapofunguka, ili zisitoe cheche zenyewe na usumaku wa koili uanguke kwa ghafla. Ikiwa imekatika ndani, utaona moto mkali wa buluu na mweupe kwenye pointi gizani, na plagi inapata cheche ya njano isiyo na nguvu. Vijicheche vidogo vya hapa na pale kwenye pointi ni vya kawaida.

Nyingi ni kati ya 0.18 na 0.25 mikrofaradi. Mita yenye kipimo hicho itakuambia thamani, lakini haitakuambia kama inavuja kwenye volti 200 au 300 zinazoizukia kila pointi zinapofunguka. Kwa hiyo kondensa inaweza kupima vizuri mezani na kufa ikiwa kazini na ikiwa moto. Tiba yake ni kuibadilisha kwa majaribio. Ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho pekee ambacho tunakubali kibadilishwe kwa kushuku. Kapasita ya kisasa ya polipropilini ya 0.22 mikrofaradi na volti 630 hufaa, ikifungwa imara mbali na joto la silinda.

Koili, waya na kofia

Chomoa nyaya zote kwanza. Msokoto wa kwanza wa koili ya volti 12 ya pointi huwa kati ya ohmu 3 na 5. Wa volti 6, kati ya 1 na 2. Gusanisha ncha za mita kwanza na utoe namba hiyo, maana nyaya za mita peke yake zinaweza kuwa na ohmu 0.3. Msokoto wa pili huwa maelfu ya ohmu, mara nyingi 5,000 hadi 15,000. Pima ukiwa umefungua kofia ya plagi, au utapima na kipingamizi kilichomo ndani yake.

Ikifa ikiwa moto, pima ikiwa moto. Ohmu za shaba hupanda takriban 0.4% kwa kila digrii, kwa hiyo ongezeko la 15% baada ya safari si ubovu. Msokoto wa pili unaogeuka kuwa «hakuna njia» kisha kurudi ukipoa ni ubovu. Kama huwezi kupima njiani, pasha koili mezani kwa kikausha nywele dakika kumi huku ukiangalia mita. Ukiwa na silinda mbili zenye koili mbili, badilishana koili hizo: ugonjwa ukihamia upande wa pili, umeipata bila mita.

Kofia yenye kipingamizi ipime kutoka ncha hadi ncha. Nyingi ni ohmu 5,000, na ikisoma 20,000 au ikayumbayumba, tupa. Kofia hizi hufungwa kwa skrubu inayoingia katikati ya waya. Shaba ya mwisho ikishakuwa kijani, kata milimita 5 za waya na uifunge upya. Kisha zima taa zote usiku, washa injini, na uangalie: cheche ndogo zinazotambaa kwenye waya au kuruka hadi silinda zitaonekana wazi.

Nafasi ya plagi kwa mfumo wa koili ni 0.6 hadi 0.7 mm. Angalia na namba ya joto, kwani watengenezaji hawahesabu sawa: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi (inayopoteza joto haraka), kwa Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Aliyebadilisha chapa kwa kulinganisha namba tu ameweka plagi isiyo yake. Plagi iliyoloa mara nyingi inaweza kuvujisha umeme kwenye kauri yake ya ndani hata ikikaushwa. Badala ya kuipiga brashi mara ya tatu, weka mpya.

Taimingi

Nafasi ya pointi kwanza, taimingi baadaye. Ukiongeza nafasi, pointi hufunguka mapema na cheche inatangulia, ukipunguza, inachelewa. Kuupanga mpangilio huu kinyume ni kuirudia kazi.

Unganisha balbu kati ya waya wa pointi na chuma, washa swichi. Balbu huwaka pointi zinapofunguka. Kwenye Honda, zungusha injini upande inakozunguka hadi alama ya F ikutane na mstari. Balbu iwake hapohapo. Alama ya T ni kilele cha pistoni, na kuichanganya na F kunaifanya injini iwe nzito na ya moto. Ukipita alama, rudi nyuma robo mzunguko kisha uje tena mbele, ili ulegevu wa minyororo na gia usikudanganye.

Triumph za 650 hupangwa kwa digrii 38 kabla ya kilele cheche ikiwa imetangulia kikamilifu, kwa hiyo mtambo wa kutanguliza lazima ubanwe ukiwa wazi mwisho unapopima. Tangu 1968 pointi za Lucas aina ya 6CA zinaruhusu kila silinda irekebishwe peke yake; kabla ya hapo unalazimika kugawa tofauti ya silinda mbili.

Mtambo huo wa kutanguliza, wenye vizito viwili na springi, husahaulika nyuma ya bamba la pointi. Zungusha kamu kwa vidole na uiachie: irudi yenyewe kwa haraka. Ikikwama mbele, injini inarudisha kiki kwa nguvu na haitulii sailensi (mwendo wa chini bila gesi). Ikikwama nyuma, inatulia vizuri lakini haina mbio. Safisha, weka tone moja la mafuta kwenye kila pini, na kagua springi zisiwe zimenyooka.

Magneto

Magneto haihitaji betri, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa kuzimia. Kitufe au waya uliogusa fremu huua cheche yote. Nafasi ya pointi ni ndogo, 0.30 mm kwenye Lucas K2F (magneto ya injini za silinda mbili), na ya plagi 0.45 hadi 0.5.

Kwenye K2F, toa vichukuzi vya pembeni (vinavyopeleka cheche kwenye nyaya za plagi) na uangalie brashi za kaboni: ziteleze bure na zisiwe zimevunjika. Funga kitambaa chenye spiriti kwenye kijiti cha mti, kiingize kwenye tundu la kichukuzi na uzungushe injini. Vumbi jeusi la kaboni litatoka kwenye pete inayozipa brashi cheche, na vumbi hilo ndilo mara nyingi linaloipeleka cheche kwenye chuma. Kondensa imo ndani ya kiini kinachozunguka, hivyo magneto inayowaka baridi na kugoma moto inahitaji kufunguliwa. Kabla ya kuvuta kiini, toa vichukuzi vyote, brashi ya arthi na skrubu ya usalama. Ukisahau kimoja, pete itavunjika kwenye mvuto wa kwanza.

Magneto za gurudumu (gurudumu zito lenye sumaku mwishoni mwa ekseli ya injini), zile za injini ndogo za mipigo miwili, zina dirisha la kupimia pointi. Taimingi ikiruka ghafla, injini ikarudisha kiki na kupiga risasi kwenye ekzosi, shuku ufunguo mdogo wa nusu mwezi kati ya gurudumu na ekseli. Ukikatwa hata kidogo gurudumu linahama. Litoe kwa kivutio chake cha skrubu. Nyundo hudhoofisha sumaku na kupindisha ekseli. Kabla ya kurudisha, futa mafuta kwenye koni zote mbili hadi zikauke, kwa sababu ni kule kubanana kwa koni kunakolishika gurudumu, na ufunguo kazi yake ni kuonyesha mahali tu.